Kwenye Mikadi ya Kondame

Siku niliyofika bondeni kwa mume wangu, mama mkwe wangu Kondame alinitazama kuanzia utosini mpaka kwenye vidole vya miguu, kisha akamgeukia mwanawe.

"Huyu anakula nini?"

"Anakula kila kitu, mama," Rimbu akajibu.

"Na mikono laini hivyo? Haya. Tutaona."

Mimi ni mtu wa pwani, wa Kerema, wa matope na kaa na uji mzito wa sago. Rimbu alishuka kwetu kufanya kazi kwenye shamba la minazi, tukapendana, nikamfuata mpaka kwao chini ya mlima Giluwe nikiwa na nguo mbili na mdomo. Nguo hazikunisaidia kitu kwenye baridi ile. Mdomo nao uliniponza, kama mtakavyosikia.

Nilikuwa sijamaliza hata msimu mmoja wa viazi pale watu wawili waliposhuka kutoka mlimani wakikimbia, wamelowa, wanacheka. Walisema neno moja tu: "Imebeba!" Bonde zima likaingia wazimu. Watu waliacha majembe mashambani. Shule ikabaki na mwalimu peke yake, na mchungaji akatangaza kwamba ibada zimeahirishwa, maana hata yeye alikuwa na mikadi yake. Nguruwe walifungwa kamba, akina mama wakajaza vikapu vyao vya kamba, wakaviangika vichwani.

"Imebeba nini?" nikamuuliza Rimbu.

"Mikadi. Miaka mingi haijabeba hivi."

"Mikadi!" Nikacheka mpaka nikakaa chini. "Yaani kelele zote hizi ni za mikadi? Kwetu imejaa ufukweni. Tunaianikia nguo."

Kondame alikuwa mlangoni, amesikia. Aliingia ndani akatoka na fungu la majani ya mkadi, marefu kunipita, yaliyokwisha kutolewa miiba, pamoja na sindano ya mfupa wa bawa la popo na uzi wa magome ya mti. Akanirushia vyote mapajani.

"Shona jamvi lako la mvua," akasema. "Kule juu hakuna wa kukuazima."

Jamvi la mvua kila mtu mlimani analo. Majani hulainishwa kwa moto, yakapangwa ubavu kwa ubavu, yakashonwa, na upande mmoja ukafungwa uwe pembe ya kuvaa kichwani, sehemu iliyobaki ikaanguka mgongoni mpaka nyuma ya magoti. Ukilala ndiyo godoro, upepo ukivuma ndiyo ukuta. Mimi kushona najua tangu utotoni. Nikaona hapa ndipo pa kumnyamazisha mama mkwe. Nilishona kwa mtindo wa mfupa wa samaki, nyuzi zikipishana vizuri, zote juu ya majani ili kila mtu azione. Kondame alilishika, akaligeuza, akasema, "Zuri." Mjinga mimi, nikafurahi siku nzima.

Njiani Rimbu alinifundisha maneno. Lazima niwaeleze hili, la sivyo mengine hamtayaelewa. Juu ya bonde kuna kijito, na ukikivuka, maneno ya kawaida unayaacha ng'ambo. Mikadi iko kwenye msitu wenye mwenyewe, na huyo mwenyewe, ambaye si mtu, anaijua lugha ya bondeni. Akisikia watu wanataja moto na nguruwe na viazi, anajua wamekuja kula, anageuza kokwa kuwa maji matupu na kuwashushia watu wingu la kuwapoteza. Kwa hiyo huko juu moto unaitwa chekundu. Nguruwe ni mwenye pua, kiazi ni kilichozikwa, mbwa ni miguu-laini, bibi arusi ni shina jipya. Mvua ni maji tu. Mkadi wenyewe hautajwi kabisa; matunda yake, ambayo ndiyo yametupandisha, yanaitwa vichwa, na hakuna anayesema tumekuja kuyachuma. Tunasema tumekuja kuyasalimu.

"Na majina ya watu?" nikauliza.

"Yanabaki kijitoni. Mwenye mikadi ndiye anayekupa jina la huko, mara yako ya kwanza kupanda, kutokana na ulichofanya." Akaona haya kidogo. "Mimi naitwa Mla-Mbichi. Nilikuwa mtoto, nikala vichwa vibichi, nikaharisha mbele za watu."

Kaka yake, Wapa, alikuwa mbele yetu na nguruwe. Akageuka. "Shemeji, mimi naitwa Upupu-Matakoni. Hilo halihitaji maelezo."

"Na mimi nitaitwa nani?"

"Mikadi ni ya mama tangu baba alipofariki," Rimbu akasema. "Atakupa akitaka."

"Asipotaka?"

"Basi usipotee. Asiye na jina hatuwezi kumwita. Na wewe ukisikia sauti inaita tu, uuu, uuu, haitaji jina, usiiitikie hata kidogo. Ndivyo anavyoita mwenye msitu. Anayekutaja ndiye mtu. Ukitajwa, unajibu, 'Majani makavu.' Maana yake uko salama."

Nilimtazama Kondame aliyekuwa akipanda mbele ya wanawe wote wawili, mgongo umepinda chini ya mzigo, hata hahemi. Nikajisemea moyoni kwamba yule mama jina hatanipa leo wala kesho.

Tulivuka kijito, na jioni ile ile mvua ikatukuta mteremkoni. Watu walivuta majamvi yao vichwani wakaendelea kupanda. Na mimi nikavuta langu. Mara ya kwanza nilidhani ni jasho. Kisha maji yakaanza kunitiririka shingoni, mgongoni, kiunoni, kila tundu la sindano likiwa bomba. Nilipofika kwenye kibanda chetu cha msituni meno yalikuwa yanagongana na nilikuwa nimelowa kuliko mtu asiyevaa kitu.

Wapa alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mama, njoo uone! Shemeji amejishonea kijito!"

Kondame alinivua lile jamvi, akaliinua mbele ya chekundu ili mwanga upite. Matundu yote yaling'aa, mstari baada ya mstari, kwa mtindo wa mfupa wa samaki.

"Wenzio hushona maji yabaki nje," akasema. "Wewe umeshona maji ndani."

"Uliniambia zuri!"

"Si zuri? Zuri sana. Litundike ukutani."

Hasira niliyokuwa nayo ingetosha kukausha nguo. Lakini usiku ule, wote walipolala, nilivuta ncha ya jamvi lake, nikalipapasa. Sikuupata uzi. Niliinua ukingo wa jani moja nikaukuta chini yake, umejificha. Kila jani lililalia mshono wa jani lililotangulia, kwa hiyo mbingu haikuona tundu hata moja. Nikalirudisha polepole. Sikumpa sifa yoyote, hata moyoni.

Asubuhi nilitoka nje kujinyoosha, na wingu likafunguka.

Sijui niseme nini. Nimeyasimulia haya mara nyingi, na kila mara hapa ndipo ninapokwama. Kumbe nilikuwa sijapata kuona mkadi. Ile ya ufukweni kwetu ni kitu kingine kilichojipa jina hilo. Hii ilisimama juu ya mizizi yake, mizizi minene kama paja langu, imetoka shinani juu ya kichwa changu na kushuka kuizunguka ardhi, hata mtu na mzigo wake angeweza kupita katikati. Kutoka hapo shina lilipanda, jeupe na jembamba, mpaka shingo ikaniuma kwa kulifuata. Na juu kabisa, katikati ya majani yaliyochomoka kila upande, kilining'inia kichwa. Kikubwa kuliko chungu chetu cha kupikia. Mkadi mmoja, kichwa kimoja hapa, viwili kule kwenye tawi lake, na nyuma yake mkadi mwingine, na mwingine, bega zima la mlima, mpaka pale wingu lilipokuwa linaendelea kujikunja na kufunua mingine tena. Vichwa vyote vimeinama, kana kwamba vinatutazama. Upepo ulipita, majani yakasuguana juu huko, ikasikika sauti ya mvua kubwa na wala hapakuwa na tone. Nilikuwa mdogo, mdogo sana, na sikuona vibaya kuwa mdogo.

Kondame alikuwa anapita chini ya miti ile akigusa kila shina kwa kiganja. "Huyu alipandwa na babu wa mume wangu," alisema, si kwangu, kwa mti. "Huyu na huyu walitulisha mwaka barafu ilipoua vilivyozikwa vyote bondeni. Hatukuzika mtoto hata mmoja mwaka ule."

Hapo ndipo mdomo wangu uliponitoka. Nilipaza sauti kwa lugha ya kwetu, lugha ya pwani, sauti ya mtu anayeona mtumbwi wa ndugu yake unarudi: "Mama yangu wee! Mikadi! Tazama mikadi!"

Mlima ukairudisha sauti yangu mara tatu.

Watu wote walisimama walipo. Mtu mmoja kwenye kibanda cha jirani aliacha kupasua kuni. Rimbu alinishika mkono kwa nguvu, lakini nilikuwa nimeshasema.

"Amelitaja," Wapa akanong'ona.

"Kwa lugha ya kwao," Rimbu akasema. "Haihesabiwi. Mwenyewe hajui lugha ya Kerema."

"Umemuuliza?"

"Atajuaje? Amewahi kufika pwani?"

"Mla-Mbichi, wewe ndiye unayejua anakokwenda kutembea? Mwanamke amepiga kelele chini ya vichwa. Hata miguu-laini wameelewa."

Walibishana hivyo, sauti za chini, kama watu kwenye msiba. Kondame alikuwa anatazama juu ya bega la mlima, na mimi nikatazama anakotazama. Wingu lilikuwa linarudi. Lilishuka juu ya miti ile jinsi blanketi linavyovutwa kitandani, likafunika kichwa kimoja baada ya kingine, na baridi ikaja nalo.

"Haya," akasema. "Limekuja." Kisha akaingia kibandani.

Laiti angenitukana. Nilikaa karibu na chekundu nikisikia majirani wakija kuuliza ni nani aliyepiga kelele, na Wapa akijibu, "Ni shina letu jipya, la pwani, halina jina bado." Hakuna aliyepanda kuchuma siku ile, walisema wangojee waone kama vichwa vimegeuka maji. Mwaka mkubwa, uliosubiriwa na bonde zima, na mimi ndiye niliyeuharibu kwa neno moja la furaha. Wazo likanijia: nitakwenda nyuma ya kibanda, kwenye mikadi-mwitu isiyo na mwenyewe, nikate majani mengine, nishone jamvi upya kama inavyotakiwa. Angalau kitu kimoja kiwe sawa. Nilichukua kisu, nikachomeka sindano kwenye nywele, nikavaa lile jamvi langu la aibu, nikatoka bila kumwambia mtu.

Kwenye wingu la Giluwe hutembei mbali kabla ya kupotea. Niliuona mkadi-mwitu mmoja, nikaufuata, nikauona mwingine nyuma yake. Nilipogeuka, kibanda hakikuwepo. Nikaenda kulia, nikakutana na mti nisioujua. Nikarudi, haikuwa kurudi. Mvua ikaanza.

Niliingia katikati ya mizizi ya mkadi mkubwa kuliko yote, maana humo ardhi ilikuwa kavu kidogo. Majani yake yaliyokufa yalikuwa yamening'inia kutoka juu, tabaka juu ya tabaka, yamenizunguka kama pazia. Nikajikunyata. Maji yakaanza kazi yake mgongoni mwangu, kwa njia zile zile nilizoyatengenezea kwa ustadi. Vidole vya miguu sikuvihisi tena. Wazee walikuwa wametusimulia mtu aliyekufa kwa baridi mwaka mwingine, mwanamume mzima, amekaa kitako na mdomo wazi. Nikaelewa vizuri kabisa kwamba giza likiingia nikiwa pale, asubuhi watanikuta hivyo hivyo.

Kisha nikaisikia. "Uuu! Uuu!"

Nilifungua mdomo kuitikia, nikakumbuka. Sauti haikutaja jina. Lakini wangetajaje, jina lenyewe sina? Ni Rimbu yule, nikajiambia, ni mume wangu, nani mwingine? Nikatoka kwenye mizizi, nikaifuata sauti. "Uuu!" Karibu zaidi, mbele kidogo. Nikaongeza mwendo, na mguu wangu wa kulia ukakanyaga hewa.

Nilidakwa na mzizi tu. Nilikaa pale nimeukumbatia, nikisikia kokoto zikianguka chini kwenye korongo, zikianguka, zikianguka bado. Kama ile sauti ilikuwa ya Rimbu ikigonga ukuta wa korongo na kurudi, au ilikuwa ya mwingine, sijui mpaka leo na siulizi. Nilirudi kwa magoti mpaka kwenye mkadi wangu. Nikaapa sitamwitikia yeyote asiyenitaja.

Unapokuwa umekatazwa kuitika na huwezi kutembea, inabaki mikono. Nilivua jamvi. Nikafumua nyuzi zangu nzuri, zote, samaki wangu wote, nikayatenga majani. Nikavuta majani makavu kutoka kwenye lile pazia, nikayakwaruza miiba kwa kisu, nikaziba nayo pale palipopungua. Halafu nikaanza upya kwa vidole visivyosikia sindano, nikijichoma, nikinyonya damu, nikilaza kila jani juu ya mshono wa mwenzake. Kichwa kimoja kilikuwa kimeanguka kikapasuka kati ya mizizi. Nilivunja kokwa kwa mpini wa kisu nikala huku nashona. Nilitegemea maji. Zilikuwa nyeupe, tamu, zimejaa mafuta hata midomo ikateleza. Nililia kwa utamu ule. Mti nilioucheka ulikuwa umenikinga, unanivisha, unanilisha, na haukunidai hata neno la heshima. Nikauegemezea kichwa, nikauomba radhi, kwa Kikerema, kimya kimya.

Jamvi lilitoka fupi, baya, limepinda. Nilijifunika, nikangoja. Tone la kwanza liligonga juu yake, nikalisikia likiteremka, likaanguka chini kando ya mguu wangu. Na la pili. Na yote yaliyofuata.

Mwanga ulianza kupungua. Usingizi mbaya ulikuwa unanijia, ule wa baridi, niliposikia sauti nyingine. Haikuwa uuu. Ilikuwa sauti ya mwanamke, kali, imekauka kwa kupiga kelele, sauti inayogombana na mlima wenyewe.

"Mshona-Maji-Ndani! Eee, Mshona-Maji-Ndani!"

Nikainua kichwa.

"Mshona-Maji-Ndaniii!"

Hakuna aliyekuwa ameniambia hilo ndilo jina langu. Lakini duniani kote, kutoka Giluwe mpaka Kerema, ni nani mwingine aliyeshona maji ndani? Ni mimi peke yangu. Nilicheka, nikalia, nikainuka nikajigonga kwenye mzizi.

"Majani makavu!" nikapiga kelele. "Majani makavu! Majani makavu!"

Kisha, kutoka ndani ya wingu:

"Muongo!"

"Makavu, mama! Kweli makavu!"

"Jamvi lile? Muongo mkubwa! Endelea kusema hapo hapo ulipo, usitembee!"

Niliendelea kusema, naye akaendelea kuniita muongo, na sauti zetu zikavutana mpaka kijinga cha moto kikatokea kwenye ukungu, na nyuma yake uso wa Kondame, maji yakimtiririka puani. Rimbu na Wapa walikuwa nyuma yake. Rimbu alitaka kunikumbatia. Mama yake akamsukuma kando. Aliingiza mkono wake chini ya jamvi langu, akanipapasa mgongo, shingo, mabega. Halafu akaligeuza jamvi lenyewe, akainua ukingo wa jani moja, akatazama chini yake. Akainua la pili.

"Makavu," akasema. Aliendelea kuushika ule ukingo.

"Mama amezunguka mlima tangu mchana," Wapa akasema. "Tulimwambia, mpe jina basi tumwite! Akasema jina halitolewi kwa haraka, lazima liwe ambalo mwenye jina akilisikia hatauliza ni nani. Basi tunamwangalia anafikiri, na wewe unakufa."

"Nyamaza, Upupu-Matakoni," Kondame akasema. "Amekufa?"

Usiku ule kibandani aliweka kichwa kizima kwenye chekundu. Majirani wote walikuja kuona, maana ndipo bonde lingejua kama vimegeuka maji. Akakipasua. Kila kokwa ilikuwa imejaa, nyeupe mpaka ukingoni, na mafuta yakachuruzika kwenye makaa yakawaka. Watu walipumua kwa pamoja. Mla-Mbichi wangu alimpiga kaka yake kofi la bega.

"Si nilikuambia? Hajui Kikerema!"

"Au anakijua," Wapa akasema akiwa ameshajaza mashavu, "na amependa kusifiwa."

Kondame alichagua kokwa ya kwanza, akaivunja kwa meno, akanipa mimi kabla ya wanawe. Nikaona huo ndio wakati wa kujaribu bahati.

"Mama, sasa kushona nimejua. Huwezi kunibadilishia jina?"

"La nini?"

"Si la kweli tena."

"Wewe kula," akasema.

Tulikaa juu mpaka vichwa vilipokwisha. Tulikausha kokwa kwa moshi, tukazishusha bondeni kwa vikapu, na watoto wakanenepa wakang'aa ngozi. Nimepanda kila mwaka mikadi ilipobeba tangu hapo. Majamvi yangu leo yanaombwa mpaka mabonde ya mbali, na kila nikivuka kijito naitwa Mshona-Maji-Ndani, na vijana wanaoniita hivyo hawajawahi kuona tone likipita kwangu.

Kondame alikufa bondeni, mchana, nyumbani kwake. Siku zile za mwisho alikuwa hamjui mtu. Rimbu alijitaja, akatazamwa kama mgeni. Wapa alijaribu mzaha, akageuziwa mgongo. Mchungaji alikuwa anasoma taratibu, na nyumba imejaa watu, mama alipoinua kichwa kwenye mkeka na kutazama ukutani kwa macho ya mtu anayetafuta kwenye wingu.

"Mshona-Maji-Ndani!" akaita.

Hakuna aliyewahi kulisikia jina lile upande huu wa kijito. Watu walitazamana, wengine wakatazama chini.

"Mshona-Maji-Ndani!"

Nilipita katikati yao, nikapiga magoti, nikamshika mkono.

"Majani makavu, mama," nikasema. "Majani makavu."

Uso wake ukatulia.

"Muongo," akasema, akafumba macho.